Lugha ya Wote, Sauti ya Nani? Kiesperanto na Kiswahili katika Muziki wa Okestra wa Kisasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya lugha inayodaiwa kuwa ya watu wote katika muziki wa okestra wa kisasa. Kazi tatu zinazoimbwa kwa Kiesperanto, yaani La Koro Sutro ya Lou Harrison, simfonia ya kwanza ya David Gaines na Memoro de la Ŝtono ya Nobuo Uematsu, zinalinganishwa na Baba Yetu ya Christopher Tin, utungo wa Kiswahili unaojulikana sana katika kumbi za okestra duniani. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimeingia katika okestra ya dunia kwa mlango uleule wa Kiesperanto: kimepokewa kama sauti ya ubinadamu kwa jumla, mbele ya hadhira isiyotarajiwa kukielewa. Makala yanaitazama hali hiyo kutoka Bujumbura, ambako Kiswahili kina mitaa, dini na majeraha yake, na yanapendekeza kigezo cha kuzipima kazi zitakazotungwa kwa jina la lugha hii katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mwezi Agosti mwaka 2024, Waesperanto kutoka mabara mbalimbali walikutana Arusha, Tanzania, katika Kongamano lao la Dunia la 109. Makongamano hayo yalianzia Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905, na lile la Arusha lilikuwa la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mji huohuo ndio makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu mwaka 2010 ina wimbo wake rasmi unaoimbwa kwa Kiswahili. Kwa siku chache, basi, mji mmoja ulikuwa mwenyeji wa majibu mawili ya swali moja: watu wasio na lugha mama moja waimbe pamoja kwa lugha gani?

Jibu la Kiesperanto linafahamika. L. L. Zamenhof alichapisha kitabu chake cha kwanza cha lugha hiyo mjini Warsaw mwaka 1887, akiamini kwamba lugha isiyo ya taifa lolote ingempa kila mtu nafasi sawa. Jibu la Jumuiya ni jingine: ichukuliwe lugha yenye wazawa, historia na fasihi, kisha ipanuliwe hadi iwatoshe wote. Lipo pia jibu la tatu, la Ulaya. Mwaka 1972 Baraza la Ulaya lilichagua mahadhi kutoka simfonia ya tisa ya Beethoven kuwa wimbo wake, na mwaka 1985 viongozi wa Jumuiya ya Ulaya wakaufuata uamuzi huo. Wimbo huo rasmi hauna maneno, kwa kuwa hakuna lugha moja ambayo ingeteuliwa bila kuziudhi nyingine. Okestra inapiga, vinywa vimefumbwa.

Mshauri wa sera wa ukanda wetu anaweza kuiona hali hiyo ya Ulaya kuwa ushahidi wa bahati yetu, kwamba sisi tunayo lugha ya kuimbia. Makala haya hayaikani bahati hiyo. Yanauliza jinsi inavyotumika. Kuwa na lugha ya kuimbia ni jambo moja. Kuimba kwa lugha hiyo neno ambalo msikilizaji analipokea na kulijibu ni jambo la pili. Kiesperanto kinatusaidia kuliona pengo lililo kati ya mambo hayo mawili kwa sababu kilianza bila wazawa. Kila mtunzi anayekitumia hulazimika kuamua kama anatunga kwa lugha au kwa rangi ya lugha. Mtunzi wa Kiswahili hukabiliwa na uamuzi huohuo, ingawa mara nyingi hajui kwamba amekwisha kuufanya.

Neno okestra linatumika hapa kwa upana. Linahusu kundi kubwa la ala lililopangwa kisanaa ili kuibeba sauti ya mwimbaji au kwaya, liwe la vinanda na zeze za Ulaya, la ala za kugonga zenye asili ya Asia, au la taarabu ya Zanzibar.

2.0 Kazi tatu za Kiesperanto

La Koro Sutro, jina lenye maana ya Sutra ya Moyo, ilitumbuizwa kwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1972. Mtunzi wake, Mmarekani Lou Harrison (1917–2003), alikuwa amejifunza Kiesperanto na kukipenda. Hakukiazima kwa ajili ya kazi moja tu. Matini ni tafsiri ya Bruce Kennedy ya andiko fupi la Kibudha linalohusu utupu wa vitu vyote. Kwaya inasindikizwa na kinubi, ogani na ala za kugonga ambazo Harrison na mwenzake William Colvig waliziunda kwa alumini, makopo na mitungi ya oksijeni iliyokatwa, wakifuata mfano wa gamelani ya Indonesia.

Nguvu ya kazi hii inatokana na kulandana kwa lugha na ala. Zamenhof aliokota mizizi ya maneno kutoka lugha za Kirumi, za Kijerumani na za Kislavi, akaifua upya kwa kanuni chache. Harrison na Colvig waliokota vyuma, wakavipima na kuvifua hadi vikatoa sauti safi. Lugha na okestra zimetoka katika karakana za aina moja, na hakuna kati yake inayojifanya ya kale. Aidha, andiko lililochaguliwa limeishi kwa kutafsiriwa karne baada ya karne, kutoka lugha moja ya Asia hadi nyingine. Kuliimba kwa Kiesperanto ni kulipa hatua moja zaidi katika safari lililoizoea. Hapo lugha isiyo na nchi inalisema andiko linalotilia shaka umiliki wa kitu chochote, na umbo linakubaliana na maana.

David Gaines, Mmarekani mwingine aliye pia Mwesperanto, aliipa simfonia yake ya kwanza jina la Esperanto, akaitungia sauti ya mezo-soprano pamoja na okestra kamili. Rekodi yake ilifanywa na okestra ya Moravia, katika Jamhuri ya Cheki. Uamuzi wa kutumia mwimbaji mmoja una maana kubwa. Kwaya inaweza kuyaficha maneno ndani ya wingi wa sauti, lakini mwanamke mmoja anayesimama mbele ya okestra na kuimba hana pa kujificha: analosema ni lake. Kwa hiyo lugha ambayo hudhaniwa kuwa ya umati inageuka kuwa lugha ya mtu mmoja mwenye jambo moyoni. Hilo ndilo jambo ambalo wakosoaji wa Kiesperanto husema haliwezekani, na simfonia hii inalijibu kwa kulitenda.

Kazi ya tatu imesikika na watu wengi kuliko hizo mbili. Mwaka 2002 mchezo wa kompyuta wa Kijapani uitwao Final Fantasy XI ulifunguliwa na Memoro de la Ŝtono, yaani Kumbukumbu ya Jiwe, utungo wa Nobuo Uematsu wa kwaya na okestra. Uematsu alieleza kwamba uteuzi wa Kiesperanto uliashiria matumaini ya waundaji kuwa mchezo huo, unaochezwa na watu wa nchi mbalimbali kupitia mtandao, ungechangia mawasiliano kati ya tamaduni. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, katika matokeo yake lugha imewekwa mahali ambapo haihitaji kueleweka. Kwaya inaingia kama mnara unaoonekana kwa mbali, na msikilizaji anatambua kwamba kinasemwa kitu kikubwa bila kujua ni kitu gani. Kiesperanto hapa kinaweza kuondolewa, Kilatini kikawekwa mahali pake, na wasikilizaji wengi wasitambue kwamba kuna kilichobadilika.

Kazi hizi tatu zinatupa mizani ya uhakiki. Kwa Harrison, lugha na maana ni kitu kimoja. Kwa Gaines, lugha imepewa mtu. Kwa Uematsu, lugha imepewa kazi ya ishara. Ishara si dhambi. Muziki wa okestra umeizoea tangu zamani. Igor Stravinsky, katika Oedipus Rex ya mwaka 1927, alichagua Kilatini kwa makusudi ili kuweka umbali kati ya jukwaa na hadhira. Tofauti ni kwamba Kilatini cha Stravinsky hakikudai kuwaunganisha watu. Kiesperanto kinadai, na ndiyo maana kimya cha maana ndani yake kinauma zaidi.

3.0 Irabu, mkazo na pumzi

Kabla ya kukigeukia Kiswahili ni vyema kuonyesha kwamba kufanana kwake na Kiesperanto kunakwenda mbali kuliko kauli za kisiasa. Lugha zote mbili zina irabu tano, a, e, i, o, u, ambazo hazibadiliki kila mara kama zile za Kiingereza. Zote mbili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Kiesperanto bila kighairi, Kiswahili kwa maneno karibu yote. Kwa mtunzi wa muziki, lugha ya namna hii ni neema, kwa kuwa anajua mapema mahali pa kuiweka noti nzito.

Upatanisho wa kisarufi nao ni kama muziki ulio tayari. Maua mazuri yanafanana kwa kichwa, kwa silabi ma. Belaj floroj, yenye maana hiyohiyo kwa Kiesperanto, yanafanana kwa mkia. Kiswahili kinampa mtunzi takriri ya mwanzo, Kiesperanto kinampa kina cha mwisho. Zawadi zote mbili zina hatari yake. Kina kinachopatikana kwa sarufi pekee huchosha sikio haraka, na hivyo ndivyo ilivyo takriri isiyofanyiwa kazi na mshairi.

Tofauti zinaanza pale mtunzi anapotaka sentensi imalizike kwa kishindo. Mshairi wa Kiesperanto anaruhusiwa kuidondosha o ya mwisho ya nomino: koro inakuwa kor', na mkazo unabaki palepale, sasa ukiwa mwisho wa neno. Kiswahili hakina mlango huo. Kila neno lenye silabi mbili au zaidi hutua polepole baada ya mkazo, kama mtu anayeketi. Nyimbo za ibada zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani zimekuwa zikitulazimisha kwa muda mrefu kuubeba mkazo hadi silabi ya mwisho, kwa sababu mahadhi yake yalitungiwa lugha zinazomalizika hivyo. Tumezoea, lakini mazoea hayaondoi kosa. Neno barabara lenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Mkazo ukihamia silabi ya pili ni sawasawa. Mtunzi asiyelijua hilo anaweza kutaka kusifu njia akaishia kusema sawasawa.

Yapo pia maneno ambayo mkazo wake unaangukia konsonanti. Mtu na nchi ni maneno ambayo wimbo wa jumuiya yoyote ni vigumu kuyaepuka, na katika yote mawili silabi yenye mkazo ni m au n isiyo na irabu. Mwimbaji anayepewa noti ndefu juu ya silabi hiyo lazima aishike kwa midomo iliyofungwa au ulimi uliokaza. Kwaya iliyofunzwa Ulaya hutafuta irabu ya kuegemea na kusema mutu. Hapo mwalimu wa Kiswahili Sanifu atakunja uso. Lakini mutu ndivyo wanavyosema mamilioni ya watu mashariki mwa Kongo, na ndivyo linavyosikika mara nyingi katika vinywa vya Bujumbura, ambako Kirundi husema umuntu. Kosa la kwaya ya kigeni ni usemi wa kila siku wa raia wa Jumuiya. Swali la lahaja ipi iimbwe, basi, limo ndani ya noti yenyewe.

4.0 Baba Yetu na mlango wa Kiesperanto

Miaka mitatu baada ya utungo wa Uematsu, mchezo mwingine wa kompyuta ulifunguliwa na kwaya. Mchezo ni Civilization IV, wa mwaka 2005. Mtunzi ni Mmarekani Christopher Tin. Matini ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyorekebishwa na Chris Kiagiri. Waimbaji wa kwanza walikuwa kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 Tin aliuweka utungo huo mwanzoni mwa albamu ya Calling All Dawns, yenye nyimbo kumi na mbili katika lugha kumi na mbili, ukiimbwa na Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic Orchestra. Februari 2011 Baba Yetu ilipata Tuzo ya Grammy, na ikawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Tuzingatie mfanano. Mwaka 2002 mchezo unaotaka kuwaunganisha wachezaji wa dunia unafunguliwa kwa Kiesperanto. Mwaka 2005 mchezo unaohusu ustaarabu wote wa binadamu unafunguliwa kwa Kiswahili. Mahali ni pamoja, kazi ni ileile, na hadhira kwa sehemu kubwa haielewi neno. Kiswahili kimepewa nafasi ya Kiesperanto, kikaongezewa kitu ambacho Kiesperanto hakina: jina la Afrika, na pamoja nalo dhana ya chimbuko la binadamu.

Uteuzi huo una historia. Mwaka 1987, katika wimbo Liberian Girl, Michael Jackson alimweka mwimbaji wa Afrika Kusini, Letta Mbulu, aseme maneno ya Kiswahili, ingawa Kiswahili si lugha ya Liberia. Katika Baba Yetu ya mwaka 2009 ni Waafrika Kusini tena wanaokiimba. Si neno la kuwalaumu waimbaji hao, ambao kazi yao ni ya kiwango cha juu. Neno ni kwamba katika matukio yote mawili Kiswahili kimewakilisha Afrika nzima mbele ya watu ambao hawangeweza kutambua kama kimesemwa na mwenyeji au mgeni.

Kimuziki, utungo wa Tin unastahili sehemu kubwa ya sifa zake. Mahadhi yake yanashikika, mwitikio kati ya kiongozi na kwaya unapumua, na okestra inaingia kwa subira. Ni haki pia kukiri kwamba umewafanya wanakwaya wa shule na vyuo vya mbali kujifunza kutamka Kiswahili kwa uangalifu, jambo ambalo vitabu vyetu vingi vya kufundishia havijafaulu. Dosari iko katika usomaji wa matini. Sala hii ni mfululizo wa maombi yenye uzito tofauti: utukufu, mkate, msamaha, hofu ya majaribu. Anayeisali kwa Kiswahili anajua kwamba sauti yake hushuka anapofika kwenye makosa yake. Katika Baba Yetu ombi la msamaha limevishwa nguo ileile ya shangwe iliyovishwa sifa, na kiitikio kinarudi kulifunika lolote lililosemwa. Kwa asiyejua Kiswahili hakuna kilichopotea. Kwa anayejua, mtu anayeomba msamaha amesikika kama mtu anayesherehekea.

Huo ndio ushahidi mkuu wa hoja ya makala haya. Mtunzi aliyetarajia kueleweka asingeutunga ubeti huo hivyo. Harrison aliliandalia andiko lake ala za kulifaa kwa sababu alijua kwamba mbele yake wangeketi Waesperanto, watu wachache lakini wenye masikio. Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni, na utungo wetu maarufu zaidi katika okestra umetungwa kana kwamba hatumo ukumbini.

5.0 Kutoka Bujumbura

Burundi ina sababu yake ya kulifahamu jambo hili. Mwaka 1971 wimbo uitwao Burundi Black uliichanganya rekodi ya ngoma za Burundi na ala za Ulaya, na mdundo huo ukaendelea kuathiri bendi za Uingereza katika miaka iliyofuata. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na maelezo yake yanataja pamoja upigaji, uchezaji, ushairi wa kishujaa na nyimbo za jadi. Kilichosafiri mwaka 1971 ni mdundo. Ushairi ulibaki nyumbani, kwa kuwa dunia haikuuhitaji ili kucheza. Burundi, kwa hiyo, imekwisha kuonja umaarufu wa kusikika bila kusikilizwa.

Kiswahili nacho hakijawahi kuwa lugha isiyo na upande katika mji huu. Kilifika kwa njia ya biashara ya Ziwa Tanganyika, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, kisha Wabelgiji wakakipa mgongo na kuipa nafasi Kirundi na Kifaransa. Kilibaki na kustawi katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, sokoni, kwenye karakana za magari na misikitini. Katika Kirundi neno umuswahili limebeba, pamoja na maana ya Mwislamu au mkazi wa mitaa hiyo, tuhuma ya ujanja na kutoaminika. Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kilianza kufundishwa katika shule za msingi, na mwaka 2007 Burundi ikaingia katika Jumuiya. Lugha iliyokuwa ya mtaa unaotazamwa kwa jicho la pembeni imerudi ikiwa lugha ya umoja wa ukanda.

Katika mazingira haya Baba Yetu inasikika kwa namna ambayo Stanford haingeweza kuikisia. Lugha ambayo mji huu umeihusisha kwa muda mrefu na Waislamu imejulikana katika kumbi za okestra kwa sala ya Wakristo. Mtu anaweza kuiona hiyo kuwa kejeli. Mwingine ataiona kuwa ni ushahidi kwamba Kiswahili kinazitosha dini zote. Usomaji wowote kati ya hiyo miwili unamhitaji msikilizaji anayeyaelewa maneno na kuijua historia ya mtaa. Palipo na wazo la lugha ya binadamu kwa jumla, hakuna hata mmoja unaowezekana.

Mrundi, aidha, ana kipimo kingine nyumbani. Wimbo wa taifa lake, Burundi Bwacu, uliotumika tangu uhuru mwaka 1962, ni wa Kirundi, lugha ambayo raia karibu wote wanaielewa. Kirundi ni lugha ya toni na ya irabu ndefu na fupi zinazotofautisha maana. Mahadhi ya Kizungu hayaikalii kwa urahisi kama yanavyokikalia Kiswahili. Pamoja na ugumu huo, anayeuimba anajua anachosema. Tukimletea mtu huyu wimbo wa Jumuiya au utungo wa okestra kwa Kiswahili, tunamletea lugha iliyo rahisi zaidi kuiimba na ambayo huenda asiielewe sawasawa. Urahisi wa koo usichukuliwe kuwa urahisi wa maana.

6.0 Okestra iliyokwisha kulijibu swali

Ukanda wetu hauanzii sifuri. Zanzibar ilikuwa na okestra ya Kiswahili kabla Final Fantasy na Civilization hazijafikiriwa. Taarabu ilistawi katika kasri la masultani ikiwa na athari ya Misri na ikiimbwa kwa Kiarabu, lugha ya heshima ambayo wengi wa mji hawakuielewa. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Siti binti Saad aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizouzwa na kusikilizwa pwani nzima na bara. Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimeendeleza hadi leo utaratibu wa fidla, kanuni, akodiani na ala nyingine kuibeba sauti inayoimba ushairi wa vina na mizani.

Kwa istilahi za makala haya, Siti alifanya safari iliyo kinyume na ya Baba Yetu. Aliikuta okestra yenye lugha ya fahari isiyoeleweka na wengi, akaipa lugha inayoeleweka, na mara moja maneno yakawa na hatari: yakasemwa, yakajibiwa, yakagombaniwa. Hadhira ya taarabu hutunza kwa sababu imelisikia neno. Wakati mwingine hununa kwa sababu hiyohiyo. Okestra ambayo maneno yake hayawezi kumuudhi mtu yeyote bado haijasema kitu.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Sherehe zitahitaji muziki, na serikali na taasisi zitaagiza tungo kubwa za kwaya na okestra. Hatari ni kwamba tutajitungia wenyewe Baba Yetu nyingine nyingi: fahari tele, neno moja au mawili kuhusu umoja na amani, na kiitikio cha kufunika yaliyobaki. Tutakuwa tumekifanya Kiswahili kuwa Kiesperanto cha Uematsu huku tukidhani tumekikuza. Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila utungo unaoagizwa kwa fedha za umma uanze na mshairi. Matini ikamilike kabla ya noti ya kwanza, na mtunzi wa muziki aketi na mshairi wakiupitia mkazo wa kila mstari.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae mwongozo wa matamshi ya kuimba, unaoshughulikia silabi za m na n zenye mkazo, sauti za ng', gh, dh na th, na miisho ya mistari. Mwongozo huo uzitambue lahaja. Kama mshairi ni wa Bujumbura au Lubumbashi na ameandika mutu, kwaya iimbe mutu.

Tatu, maneno yachapishwe na kugawiwa ukumbini, yakiwa na tafsiri ya lugha ya mahali: Kirundi huku, Kiluganda au Kinyarwanda kwingineko. Kumtafsiria msikilizaji hakukipunguzii Kiswahili hadhi. Ni kumkaribisha ndani badala ya kumwacha barazani akisikiliza kelele za karamu.

Nne, kazi ipimwe kwa swali moja kabla ya kuitwa ya Jumuiya: msikilizaji wa Buyenzi, anayekisema Kiswahili kila siku na asiyejua kusoma noti, akitoka ukumbini anaweza kueleza kilichosemwa, na kusema kama anakubaliana nacho? Akisema tu kwamba ilikuwa nzuri, utungo umefika pale alipofika Uematsu. Akianza kubishana na mshairi, Kiswahili kimeimbwa.

Waesperanto waliokutana Arusha wamefanya kazi kwa zaidi ya karne moja kukipa watu kitu kilichoanza kuwa lugha tu. Sisi tumepewa lugha ikiwa na watu wake tayari, wa pwani na wa ziwani, wa msikitini na wa kanisani, wanaoheshimiwa na wanaotuhumiwa. Okestra itakayoimba kwa Kiswahili bila kuwataka watu hao waelewe itakuwa imeitupa mali ambayo Kiesperanto kingali kinaitafuta.